Nyumba ya Kumlilia Kamil

Finch Magharibi,
North York, Toronto,
Kanada.

Jumapili, 9 Novemba 2025

Mpendwa Dada Zuwena,

Shikamoo, dada yangu. Hujambo wewe na wote wa nyumbani? Mguu umepungua uvimbe? Tangu ulipoteleza uani nilikwambia ukilala uuinue juu ya mto, na najua hukuuinua, maana wewe hupenda kuambiwa tu, kutenda ni habari nyingine. Shemeji Hemed na sukari yake wanaendeleaje? Na Bishara, mtoto wake ameshaanza kukaa?

Sisi huku hatujambo kwa kiasi chetu. Baridi imeingia na theluji ya kwanza imeshaanguka, ile nyepesi inayokuja kubisha hodi na kuondoka. Mwanangu Munir yuko Brampton na kazi yake ya ghala la mizigo. Akipata nafasi Jumapili huja kula kwangu, nikimsemesha Kiswahili anasikia kila neno, ila jibu analirudisha kwa Kiingereza. Leo nimemwambia nakuandikia, akanituma nikusalimie, basi pokea salamu zake.

Utashangaa kuona nimeshika kalamu na simu tunazo. Dada, wewe sauti ninazokutumia huzisikiliza jikoni, kipaza wazi, na nyumba nzima inasikia mpaka na muuza mboga aliyesimama mlangoni. Haya ya leo ni yako peke yako. Yuko jamaa yetu mmoja anakuja huko harusini, nimemkabidhi barua na nimemwapiza akupe mkononi. Kaa kitako uisome.

Salamu zimekwisha. Sasa nakwambia jambo langu bila kulipamba: umenisaliti, Zuwena.

Naanza mwanzo kabisa, kwa sababu nakujua. Ukishachomwa na neno unashika lile neno tu, la mwanzo lote unalisahau.

Kamil alipokufa, ardhi ya huku ilikuwa imeganda. Pale makaburini, upande wa Pickering, walichimba kwa mashine, na ile mashine ilikuwa bado inanguruma mbali kidogo wakati wanamteremsha. Hilo hukuliona wewe, uliona picha tu. Kazini wakanipa siku chache za msiba, zikaisha, nikarudi. Wenzangu huko kwetu hukaa eda ndani, wanawake wakaja kukaa nao, mtu akapikiwa, akalia mpaka akachoka. Mimi eda yangu niliikaa kwenye basi la Finch. Shekhe alinambia mwenye dharura ana ruhusa yake, nami nilikuwa na dharura ya kula na kulipia nyumba. Asubuhi basi, mchana wazee wa watu, jioni basi tena. Nimemuuguza mume wangu miaka na ini lake, huku mchana nikiwaosha wazazi wa watu wengine, na alipokufa nilipitisha eda yote nawaosha wazazi wa watu wengine. Hadi leo hii sijamlilia.

Nikijaribu usiku, kuta za jengo letu ni karatasi. Jirani akikohoa mimi nasema afya. Mara moja nilianza kulia bafuni, akaja kugonga mlango kuuliza kama bomba limepasuka. Nikacheka mpaka machozi yakaona haya yakarudi yalikotoka.

Ndipo nikakuomba wewe. Likizo yangu ndefu nimeipigania kazini hadi nimeipata, nije huko nikae miezi minne na siku kumi. Nilikwambia najua sheria, eda ikishapita haikaliwi tena, na wala sisemi nakaa eda. Nilisema nataka muda ule ule tu, niukae ninavyotaka. Nikakuomba unitafutie fleti tulivu, na masharti yangu nikakutajia hadi ukacheka, ukasema natafuta nyumba kama mtu anayetafuta mchumba. Iwe ghorofa ya juu kabisa, nisisikie visigino vya mtu. Jenereta isiwe chini ya dirisha. Kusiwe na ukumbi wa harusi jirani, maana kwetu tangu Alhamisi hakulaliki. Hoteli za wageni na muziki wao ziwe mbali. Adhana naitaka, hiyo haijawahi kuwa kelele. Na sharti la mwisho nililitaja kwa haya: iwe mbali kidogo na mjini, mahali ambapo mtu hawezi kurudi sokoni na kapu lake akasema, nimepita tu kukutazama.

Wewe ukaruka. "Makubwa! Watu wanalia kwa kukosa wa kukaa naye, wewe watafuta pa kukaa peke yako? Na watu watasema nini, una nyumba ya ukoo hapa unakwenda kupanga?"

Nikakwambia ukweli. Mtu mwingine sijamwambia, hata Munir. Nikakwambia, dada, nataka nyumba ambayo nikilia hapaji mtu kuniuliza nini. Kisha ukasema, "Haya mdogo wangu, nimekufahamu. Niachie mimi." Nilipokata simu nilijiona mwepesi, wallahi, kama nimeshafika.

Na kwanza ulifanya kweli, sitakunyima haki yako. Ulikwenda Mbweni ukaniletea video ya ile fleti ya ghorofa ya tatu, juu kabisa, yenye baraza na miti mbele. Ukaniambia, "Sikiliza kimya chake," halafu hukufunga mdomo tangu mwanzo wa video mpaka mwisho. Nilichosikia ni wewe unanieleza jinsi kulivyo kimya. Nilicheka peke yangu kwenye basi. Ikabidi nimpigie askari wa pale, yule Mzee Juma Faki, nikamwomba aweke simu dirishani na anyamaze. Akaiweka. Nikasikia ndege, na mtu anafagia majani chini, basi. Niliipenda nyumba ile moyo wote. Nikaanza kuwaza kitanda kitakaa upande gani.

Wiki chache baadaye ukaniambia imechukuliwa, wametangulia watu kutoka Oman. Nikasikitika, nikakwambia usijali, tafuta nyingine. Ukaja na ya pili, ya chini, karibu na nyumbani kabisa, mwendo wa kwenda na kurudi kabla chai haijapoa. Ukasema ngazi zitanichosha. Dada, mimi nakaa ghorofa ya kumi na moja na lifti ya jengo letu huharibika kila baridi ikizidi. Ngazi? Lakini nilikubali tu. Ukasema ina vyumba viwili, nikauliza cha pili cha nini, ukasema cha mizigo yangu.

Sasa ngoja nikwambie aibu yangu, uicheke kama unaweza. Ile video ya bafu niliitazama mara nyingi. Mlango mpana. Sakafu haina kizingiti. Vyuma vya kushikia ukutani, kimoja karibu na choo, viwili pale pa kuogea, na kiti cheupe cha plastiki kimewekwa chini ya bomba. Mimi, Qurratulain, ambaye vyuma vile navishika kila siku ya kazi, ninayejua viwekwe urefu gani na kwa mgonjwa wa namna gani, nilivitazama nikasema masha-Allah, wanajenga kisasa siku hizi. Nikamwonyesha Cherono, yule Mkenya ninayefanya naye kazi, kwa majivuno. Akaishika simu, akaisogeza karibu na macho.

"Wee Kurra, hii bafu si ni kama ya kazini? Hata kiti ya kuogea iko!"

Nikamwambia kwetu watu wanafikiria wazee. Akaniangalia tu, akanirudishia simu. Yeye aliona. Mimi sikuona, kwa sababu aliyenitumia ni dada yangu.

Halafu Jumamosi ya wiki iliyopita Ami akanipigia. Nilikuwa chini, kwenye chumba cha kufulia cha jengo, mashine zinazunguka, nakunja sare zangu za kazi. Nikaona jina la Bishara, nikapokea, kumbe mwanao amemshikia babu yake simu. Ami wangu, baba yako mzazi. Tangu apooze ule upande sauti yake imekuwa ndogo, nikalazimika kuibana simu sikioni na picha nisiione. Alikuwa na furaha, Zuwena. Zamani sijamsikia hivyo.

Akasema, "Mwanangu, kitanda changu wameshakipeleka kwako. Dirisha langu laelekea bustanini."

Sikufahamu. Nikadhani amechanganyikiwa kidogo, umri ule. Nikamuuliza dirisha lipi, Ami? Akaniambia lile la chumba cha pili. Akaniambia umemweleza kila kitu: kwamba baada ya kufiwa siwezi kukaa peke yangu, napata hofu, na kwamba mimi mwenyewe ndiye niliyeomba nikae naye nimuuguze, ili nipate cha kunishughulisha. Kisha akasema neno ambalo bado limenikwama kifuani. "Nilikuwa naona haya kuoshwa na wanawe Zuwena. Wewe ndiyo kazi yako, kwako sitoona haya. Allah akulipe." Akaniomba nimletee soksi za pamba, miguu yake baridi.

Ningemwambia nini? Niambie wewe, unayejua kupanga maneno. Mzee ambaye babangu alipokufa alinichukua mkono nikiwa na kanzu iliyochanika akanitia nyumbani mwake, hakunitenga nanyi kwa tonge wala kwa shuka. Nilimwambia inshaallah, Ami. Nikamaliza kukunja sare.

Nilipopanda juu nilimpigia Mzee Juma Faki. Nilitaka kujua tu. Nikamuuliza wale wageni wa Oman wamehamia lini. Akashangaa. "Hapana wageni, bibi. Nyumba ipo vile vile. Dada yako alisema hukuipenda, kuwa ngazi zimekushinda."

Basi hapo ndipo moyo wangu ulipokufa. Si kwenye kitanda cha Ami. Ni hapo, kwenye ngazi.

Nimelala na kuamka na jambo hili wiki nzima, nikitafuta pa kukutolea udhuru. Na upo udhuru, tena mkubwa. Najua umechoka. Najua mgongo wako umeisha kwa kumgeuza, najua huendi harusini wala mazikoni kwa sababu hapana wa kumwachia, najua wanao wana maisha yao na Hemed ni mgonjwa mwenyewe. Kama kuna mtu duniani anayejua kuchoka kwa namna hiyo ni mimi. Ungeniambia, Kurra, nimeshindwa, njoo unisaidie baba yetu. Ungelisema hivyo tu. Ningelilia kwa simu na ningekuja, na labda fleti ningeisahau kabisa na kulala chini ya kitanda chake.

Lakini hukuniomba. Ulinipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Ulikichukua kile nilichokwambia wewe peke yako, ukakigeuza nje ndani, ukampelekea Ami kimekuwa uongo: aliyetaka kuwa peke yake ukamfanya mwenye hofu ya upweke. Ukanitia mchanga wa macho kwa vyuma vya bafuni. Na ukamtia Ami katikati, mzee asiye na kosa, ili nikisema hapana iwe namwambia yeye hapana. Huo si uchovu, dada. Uchovu haupangi hivyo. Hapo ulikaa ukafikiri.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba ulijua. Angenifanyia mtu baki ningesema hakujua mimi ni nani. Wewe ndiye uliyenisuka nywele siku ya harusi yangu. Uliniambia Kamil ana masikio makubwa, atasikia kila ninalomteta, na kweli alikuwa anasikia. Wewe ulijua ninayetaka kumlilia ni nani, ukaamua anaweza kungoja.

Kila mtu ameamua hivyo, unajua? Kazini waliamua Kamil angoje. Basi la Finch liliamua. Huku nilikwisha kuzoea. Kwako sikutegemea.

Haya. Nimekasirika vya kutosha, na mkono unaniuma. Nakwambia nilichoamua, na tafadhali usimtume mtu kuja kunibembeleza.

Nakuja, siku ile ile tuliyosema. Ile fleti ya Mbweni nimeichukua mwenyewe. Mzee Juma Faki anazo funguo, nimemwambia asimpe mtu ila mimi, hata akija mwenye sura kama yangu. Ukija kunitembelea sitakufungia mlango, lakini nakuomba usije mpaka nikuite. Safari hii nifahamu kweli.

Kitanda cha Ami kirudishwe nyumbani kabla sijafika. Kila Ijumaa asubuhi nitakuja nishinde naye. Nitamwosha mimi, nitamkata kucha, nitampikia uji wa mchele anaoupenda, na ule mgongo nitautazama usije ukafanya vidonda. Nitakufundisha pia namna ya kumgeuza kwa shuka bila kuumia, ungeliniuliza zamani ningelikwambia hata kwa simu. Siku hiyo wewe vaa buibui lako utoke. Nenda harusini, nenda ufukweni, nenda kalale kwa Bishara, sitakuuliza. Magharibi ikiingia nitaondoka kwenda kwangu. Ninakuja kwake kama mwanawe. Kama mfanyakazi sikuajiriwa.

Nimebakiwa na moja, na hili ni lako. Mwambie Ami. Mwambie wewe, kwa mdomo wako, umekaa mbele yake, si kupitia kwa Bishara. Mimi siwezi. Nimewapigia simu watu wengi kuwaambia mzazi wao amekata roho, na sauti yangu haikutetemeka. Hili la kumwambia mzee kitanda chake kinarudi limenishinda.

Usimwambie nimekataa kumuuguza, maana huo utakuwa uongo wa pili. Mwambie Qurratulain bado hajamlilia mumewe, na anatafuta pa kumlilia. Hayo tu. Atafahamu mara moja. Ni yeye aliyeushika mkono wa Kamil siku ya nikaha akaniozesha, na alipomaliza alitoka nje, akasimama nyuma ya tangi la maji akalia peke yake. Tulimwona dirishani, mimi na wewe. Tukamwacha.

Soksi zake nimeshanunua, za pamba, rangi ya maziwa. Nitakuja nazo na nitamvalisha mwenyewe.

Nisalimie shemeji Hemed, mwambie apunguze halua. Nisalimie Bishara na umbusu mtoto. Majirani wote wasalimie, na wakikuuliza kwa nini napanga na nyumba ya ukoo ipo, waambie lolote, huko maneno hayakukosi. Mungu akupe afya ya mgongo na mguu, amhifadhi Ami hadi nimkute akinicheka, na akusamehe kabla yangu, maana mimi bado.

Ukishaisoma usinipigie. Nenda kwa Ami kwanza. Ukimaliza kumwambia, mpe simu yeye, na wewe utoke chumbani, umwache anipigie mwenyewe.

Wako akupendaye, hata kwa hasira,

Qurratulain